Gari yako inazima silinda? Hatua kwa hatua mpaka uone mafuta yanapungua kweli

Mbona gari inazima silinda lakini mafuta hayapungui? Swali hili nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona nikae niandike lote kwa pamoja. Mtu kaagiza Golf 7 kutoka Japani, 1.4 TSI, kaambiwa ina mfumo wa kuzima silinda mbili ukiwa barabarani, kapiga hesabu kichwani kwamba nusu ya silinda ni nusu ya mafuta, halafu mwezi wa kwanza anajaza tenki vilevile kama gari yake ya zamani. Anaenda kwa fundi, fundi anabadilisha plagi, anasafisha nozeli, hela inatoka na ulaji uko palepale.

Mara nyingi hiyo gari haiumwi chochote. Ama haina mfumo huo kabisa na aliyemuuzia hakujua, ama inaendeshwa kwa namna ambayo kompyuta haipati hata nafasi ya kuzima.

Mfano wangu humu ni Golf 7 yenye ACT (ndilo jina la Volkswagen la mfumo huu wa kuzima silinda), kwa sababu ndiyo niliyoshika sana. Audi A3 1.4 ya kipindi hichohicho yenye mfumo huu ina injini ileile. Pale ambapo Honda V6 (silinda sita) na V8 (silinda nane) za Marekani zinatofautiana nitasema, maana ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanaendesha sana Tahoe na Yukon na wao maswali yao ni hayahaya.

## Elewa hiki kwanza, la sivyo hatua zote zitakushinda

Chukua bomba la sindano, lile tupu bila sindano yake. Ziba mdomo nusu kwa kidole, acha upenyo kidogo tu, halafu vuta. Unasikia linavyokuwa zito? Nguvu yote unayotumia pale inaishia kunyonya hewa kwenye kitundu. Injini ya petroli inafanya kazi hiyo kila sekunde ukiwa unaendesha taratibu, kwa sababu mguu wako umekanyaga kidogo, mlango wa hewa kwenye throtobodi umefunguka kidogo, na pistoni zote nne zinavuta kwa shida. Mafuta yanachomwa kulipia hiyo shida.

Sasa ziba mdomo wa bomba kabisa, vuta, achia. Linarudi lenyewe kama springi. Ulichotoa umerudishiwa karibu chote.

Hapo ndo siri nzima ilipo. Gari inapozima silinda, inafunga valvu za hiyo silinda zote, za kuingiza na za kutolea moshi, na inakata mafuta na cheche. Hewa iliyobaki ndani inabanwa na kuachiwa, inabanwa na kuachiwa, kama lile bomba ulilolifunga. Silinda zilizobaki lazima zibebe mzigo wote, kwa hiyo kompyuta inafungua mlango wa hewa zaidi ili zipumue vizuri, na ile shida ya kunyonya inapungua. Faida inatoka hapo. Silinda mbili zinazofanya kazi zinakula zaidi ya zilivyokuwa zinakula mwanzo, kila moja inabeba karibu mara mbili, kwa hiyo ukisubiri matumizi yashuke nusu utasubiri sana.

Kwenye Golf zinazozimwa ni namba 2 na 3, zile za katikati. Juu ya kamshafti (shafti inayofungua valvu kwa nundu zake) kuna vipande vinavyoteleza kushoto na kulia. Sumaku ya umeme inachomoza pini, pini inaingia kwenye mfereji uliochongwa kama uzi wa parafujo, kipande kinasogea, na valvu zinakutana na sehemu ya mviringo isiyo na nundu, hazifunguki tena. Valvu nane zinatulia kwa wakati mmoja. Inachukua kati ya milisekunde 13 na 36, ndo maana hausikii kitu.

Honda V6 na V8 za GM (watengenezaji wa Tahoe na Yukon) zinatumia presha ya oili kusukuma pini ndogo ndani ya roka au ndani ya lifta, vile vipande vinavyopeleka msukumo wa kamshafti kwenye valvu. Kumbuka tofauti hiyo, inarudi kwenye hatua ya pili.

## Vitu vya kuandaa

- Kitabu cha gari, au namba ya injini
- Kifaa cha OBD2 cha bluetooth cha kusoma kompyuta ya gari, vile vidogo vya ELM327, na app yake kwenye simu
- Oili sahihi kama muda wa kumwaga umefika
- Geji ya upepo wa tairi
- Daftari na kalamu (simu inafaa, ila daftari likae kwenye gari)
- Mtu mmoja wa kukaa pembeni yako siku ya jaribio
- Kipande cha barabara tambarare kisicho na foleni, hata kilomita tano zinatosha

## Hatua ya 1: Hakikisha gari yako ina mfumo wenyewe

Usiruke hapa. Wengi wanakwama hapa bila kujua.

Golf 7 1.4 TSI ya nguvu farasi 140 ipo ya aina mbili zinazofanana kwa nje. Injini yenye kodi (herufi nne za aina ya injini) CPTA inazima silinda. Injini yenye kodi CHPA haizimi, ingawa nguvu ni zilezile 140. Zile za baadaye za farasi 150 ni hivyohivyo, CZEA inazima na CZDA haizimi. Muuzaji atakwambia "1.4 TSI" na hajakudanganya, lakini hajakwambia unachotaka kujua.

Kodi ipo kwenye stika ya taarifa za gari, tafuta kwenye buti pale tairi la spea linapokaa au kwenye kitabu cha sevisi. Injini yenyewe pia ina stika kwenye kava la taiming beliti.

Umefaulu kama: umeisoma kodi kwa macho yako mwenyewe. Ukikuta ni CHPA au CZDA ishia hapa, hakuna kitu cha kurekebisha, gari yako ni nzima na haijawahi kuwa na huo mfumo.

## Hatua ya 2: Oili

Kama gari yako ni Honda V6 yenye VCM (mfumo huuhuu kwa jina la Honda) au V8 ya GM, hii ndo hatua kubwa kuliko zote. Oili ndiyo mkono unaozima silinda. Ikiwa nzito kuliko inavyotakiwa, au imechakaa ikawa na uchafu, pini inachelewa au inakwama nusu, na kwenye V8 lifta iliyokwama inaenda kula nundu ya kamshafti, ukifika hapo ni kushusha vichwa vya injini. Kuna vinjia vyembamba sana vya oili mle ndani. Kwenye V8 nyingi za GM kuna kichujio kidogo cha wavu chini ya sensa ya presha ya oili, kikiziba inaonekana kama pampu imekufa kumbe ni kawavu tu.

Kwenye Golf sumaku ndiyo inafanya kazi ya kusogeza, oili haihusiki moja kwa moja, ila vile vipande vinateleza juu ya shafti kavu vipi? Na turbo nayo inataka oili safi. Tafuta dumu lililoandikwa VW 502 00 au VW 504 00, usiangalie tu namba ya 5W-30 au 5W-40, hiyo idhini ya VW ndiyo muhimu.

Onyo: kuna tabia ya kuweka oili nzito "kwa sababu huku kwetu joto". Nimeshaona gari ya mtu wangu wa karibu ikigoma kuzima silinda wiki mbili baada ya sevisi, na kilichobadilika ni oili peke yake, fundi alimimina ile aliyokuwa nayo kwenye pipa. Tulimwaga, tukaweka ya kitabuni, siku ya tatu ikarudi kawaida. Nunua oili yako mwenyewe, peleka ikiwa imefungwa, na simama pale inapofunguliwa.

Umefaulu kama: kijiti kinaonyesha kati ya alama mbili, na unajua jina na idhini ya oili iliyomo, umeiandika daftarini na kilomita zake.

## Hatua ya 3: Ondoa mzigo usio na kazi

Fupi tu. Silinda zinazimwa mzigo ukiwa mdogo, kwa hiyo kila kinachoikaba gari kinakunyima nafasi. Jaza upepo kama ilivyoandikwa kwenye stika ya gari, tairi zikiwa za baridi. Ondoa keria ya juu kama huitumii. Baada ya safari sogeza mkono karibu na rimu kila upande bila kugusa, ukikuta moja ina joto kali kuliko wenzake breki inashika.

Umefaulu kama: gari kwenye tambarare ukiiweka N inaanza kusogea kwa kusukumwa na mtu mmoja bila kugombana nayo.

## Hatua ya 4: Ipashe moto kwa kuendesha

Mfumo hauwaki injini ikiwa baridi. Golf inasubiri oili ifike nyuzi 50 hivi, na gia iwe ya tatu kwenda juu. Sababu inaeleweka, injini baridi ikikatwa silinda mbili inatikisika na moshi unakuwa mchafu.

Kuiacha inaunguruma nyumbani dakika kumi hakusaidii, unachoma mafuta bure. Endesha taratibu dakika kumi, kumi na tano. Na hapa wengine mtagundua tatizo lenu lote: kama safari zako ni kutoka nyumbani Sinza kwenda Mwenge na kurudi, kilomita chache za foleni, gia ya kwanza na ya pili, huo mfumo hautawaka hata mara moja kwa siku. Gari haina kosa lolote hapo.

## Hatua ya 5: Jaribio la barabarani

Chomeka ELM327 kwenye soketi yake iliyo chini ya usukani. Kwenye app fungua usomaji wa moja kwa moja, chagua presha ya hewa ya manifoldi (itaandikwa MAP au intake manifold pressure) na mwendo wa gari. Simu apewe mwenzako. Wewe macho barabarani, sitanii, hili jaribio halina thamani ya kugonga mtu.

Kwenye dashibodi ya Golf nenda kwenye ukurasa wa matumizi ya mafuta ya papo hapo. Mfumo ukiwaka yanatokea maandishi kuwa iko kwenye silinda 2. Kama skrini iko kwa Kijapani tafuta namba 2, au badilisha lugha kwenye menyu. Honda za VCM za mwanzoni zinawasha taa ya kijani ya ECO. Tahoe na Yukon zinaandika V4 badala ya V8.

Sasa fanya hivi:

1. Ingia kwenye barabara tambarare, gia D, isiwe S. S inashikilia RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) juu na wewe unataka injini itulie.
2. Fika 50 km kwa saa, shikilia hapohapo. Mguu usitembee.
3. Hesabu mpaka kumi. Maandishi ya silinda 2 yanatakiwa kutokea.
4. Mwenzako asome MAP kabla na baada.
5. Rudia kwa 70, halafu 80.

Kile utakachoona kwenye MAP ndicho kinanifurahisha kila nikirudia jaribio hili. Mwendo haujabadilika, mguu haujabadilika, lakini presha kwenye manifoldi inaruka juu, kama ilikuwa kPa 40 hivi inapanda kuelekea 60 au 70. Maana yake mlango wa hewa umefunguka. Ni lile bomba la sindano, kidole kimetolewa kwenye kitundu. Kama uko Mbeya au Njombe namba zako hazitafika juu kama za mtu wa Dar, hewa ya huko juu ni nyepesi, wewe angalia mruko wenyewe.

Umefaulu kama: maandishi yametokea na MAP imeruka kwa pamoja, angalau kwenye mwendo mmoja kati ya hiyo mitatu, na ukikanyaga kidogo yanapotea mara moja bila mshtuko.

Onyo: ukisikia mtikisiko mkali, kugonga, au taa ya cheki injini inapepesa, achia mguu, weka pembeni. Taa inayopepesa ni misi, yaani silinda inashindwa kuwaka, na misi inaua katalitiki, kile kisafisha moshi kwenye egzosi.

## Hatua ya 6: Fundisha mguu wako

Hapa ndipo mafuta yanapopatikana, hatua zote zilizopita zilikuwa maandalizi.

Kompyuta ya Golf inasoma pedeli yako. Ukiwa na mguu wa kupampu, kanyaga achia kanyaga achia, inaona huyu ana haraka au yuko kwenye mzunguko wa barabara, na inaacha kabisa kuzima silinda kwa muda. Kwa hiyo dereva anayedhani anabana mafuta kwa kugusagusa pedeli ndiye anayejinyima.

Namna inayofaa: kanyaga vizuri kwa uthabiti mpaka ufike mwendo unaotaka, halafu legeza polepole, kama unatoa mguu juu ya yai, mpaka maandishi ya silinda 2 yatokee, kisha usiuhamishe. Baada ya wiki moja mguu wenyewe utajua pale mahali palipo. Barabara ikiwa wazi tumia cruise control, inatulia kuliko mguu wa mtu yeyote.

Mfumo unafanya kazi kuanzia RPM elfu moja na mia kadhaa mpaka 4,000 hivi, ila mzigo ndio unaoamua zaidi. Mlima, abiria watano na mizigo kwenye buti, kuovateki lori, hapo silinda zote nne zinarudi na ni haki yake.

Volkswagen wenyewe walisema kwenye mwendo wa 50 usiobadilika gia ya tatu au ya nne faida inakaribia lita 1 kwa kilomita 100, na kwenye 70 gia ya tano ni lita 0.7. Ukiangalia vizuri, mwendo mdogo una faida kubwa zaidi, kwa sababu ndipo injini inapoteseka zaidi kunyonya. Sasa fikiria safari ya mkoani. Kila kijiji kina kibao cha 50 na askari wa tochi wako pale mbele. Watu wananung'unika, wanapunguza kwa breki dakika ya mwisho, wanapita na 50 ya kusuasua, wakitoka wanakanyaga kwa hasira. Wewe achia mguu mapema, ingia na 50 iliyotulia, na hizo kilomita mbili za kijiji ndizo zinakuwa za bei rahisi kuliko zote za safari yako.

Onyo la mteremko: usiweke N. Ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kabisa, kompyuta inakata mafuta kwa silinda zote, unashuka kwa sifuri. Ukiweka N injini inabidi ichome mafuta ili isizime, na breki unaichosha bure.

## Hatua ya 7: Pima tenki kwa tenki

Usiamini hisia na usiamini sana namba ya dashibodi. Nenda sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, jaza mpaka mdomo wa pampu unapokata mara ya kwanza, hapo basi, usiongeze. Seti trip iwe sifuri. Endesha. Rudi jaza tena kwa namna ileile.

Mfano: trip inasoma km 480, umejaza lita 31.5. Gawanya 480 kwa 31.5 unapata kilomita 15.2 kwa lita. Au 31.5 gawanya kwa 480 zidisha 100, ni lita 6.6 kwa kilomita 100.

Fanya tenki tatu kwa uendeshaji wako wa zamani na tatu kwa huu mpya, njia zilezile. Tenki moja haisemi kitu, foleni ya siku moja inaharibu hesabu yote.

Kipimo cha Ulaya cha mchanganyiko wa mji na barabara kuu kilitoa faida ya lita 0.4 hivi kwa kilomita 100. Mtu wa kilomita 15,000 kwa mwaka hiyo ni lita 60. Zidisha kwa bei ya petroli ya mwezi huu ujue ni kiasi gani. Ni zaidi ya tenki moja la Golf, maana tenki lake ni lita 50. Kama safari zako nyingi ni za barabara kuu ya mwendo wa kati utapata zaidi, kama ni foleni tupu utapata kidogo sana au hutapata.

## Usichomoe plagi ya nozeli

Hili linaniuma kwa kweli. Mtu ana gari ya kawaida, anasikia magari mapya yanazima silinda, fundi anamwambia "hiyo rahisi tu" na anachomoa waya wa nozeli moja. Niliwahi kufungua boneti nikakuta soketi ya nozeli ya pili imefungwa kwa selotepu nyeusi, mwenye gari analalamika ulaji umepanda na injini inatetemeka kama mashine ya kusaga.

Umeshaelewa kwanini. Valvu za hiyo silinda bado zinafunguka na kufunga, kwa hiyo inavuta hewa na kuisukuma bure, springi haipo. Ile hewa safi inafika kwenye sensa ya oksijeni, sensa inaripoti kuna hewa nyingi kuliko mafuta, kompyuta inaongeza mafuta kwenye silinda zilizobaki. Ulaji unapanda. Na ukichomoa koili badala ya nozeli ni mbaya zaidi, petroli mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda, nyingine inaenda kuwaka ndani ya katalitiki.

Gari isiyo na mfumo wa kufunga valvu haiwezi kugeuzwa kwa kuchomoa waya. Ukikuta umeshafanyiwa, rudisha leo.

## Ikigoma kuzima silinda

Umethibitisha kodi, oili sahihi, injini imepata moto, mguu umetulia, na bado hakuna maandishi. Fuata mpangilio huu, unaanza na cha bei ndogo.

Soma kodi za hitilafu kwa ELM327. Hata hitilafu ndogo ya sensa ya oksijeni au ya misi inatosha kompyuta kukataa kuzima, inajilinda. Tibu hiyo kwanza. Soma kabla ya kufuta.

Plagi na koili. Kwenye Honda V6 silinda zinazozimwa mara nyingi zinaelekea kuweka oili na masizi kwenye plagi. Zitoe zote, zipange kwa mfuatano wake, linganisha rangi. Ikiwa moja au mbili ni nyeusi zenye mafuta na wenzake ni kahawia kavu, umeshapata pa kuanzia.

Mtikisiko bila kodi yoyote ya hitilafu kwenye ELM327. Angalia mauntini za injini, zile mipira zinazoishikilia. Honda V6 hizi zina mauntini maalumu zinazotuliza mtetemo wa silinda tatu, zikifa unasikia mtikisiko kila taa ya ECO ikiwaka na unatulia ikizimika. Ukiweka mauntini ya kawaida ya bei chee mtikisiko hautaondoka.

Sumaku za kamshafti kwenye Golf. Hizi ziko juu ya injini na zina soketi zake. Fundi wa umeme apime waya na soketi kabla hajakuuzia sumaku mpya, soketi yenye kutu inaleta kodi ileile.

Kelele ya tik-tik kwenye V8 inayofuata RPM na haiondoki injini ikipata moto: usiiendeshe tena. Ibebwe mpaka gereji. Lifta iliyokwama ukiigundua mapema utabadilisha lifta, ukiendelea nayo wiki moja utabadilisha na kamshafti.